Alama za kutabiri usahaulifu kwa wenye kisukari: zitatufaa Dodoma?

Mwaka 2013 watafiti waliochambua taarifa za wagonjwa karibu 30,000 wa kisukari aina ya pili huko California, wote wa miaka 60 na zaidi, walitoa mfumo wa alama unaokadiria uwezekano wa mtu kupata demensia, yaani usahaulifu mkubwa wa uzeeni unaotokana na ugonjwa wa ubongo, ndani ya miaka 10. Hauhitaji picha ya ubongo. Daktari anajumlisha yaliyomo kwenye faili: umri, elimu, vidonda vya miguu, kiharusi, ugonjwa wa moyo, madhara ya macho na figo, sonona, na kama mgonjwa amewahi kuzidiwa kwa sukari kupanda au kushuka mno. Wenye alama za chini kabisa, hatari ilikuwa kama asilimia 5. Wa juu kabisa, asilimia 73.

Kwa kliniki zetu zenye foleni ndefu, urahisi huo unavutia. Ila hapo kwenye elimu ndipo ninapokwama. Mzee wa Chamwino mwenye miaka 75 leo alishakuwa mtu mzima mpango wa elimu ya msingi kwa wote ulipoanza mwaka 1977. Ni kweli shule huupa ubongo akiba fulani dhidi ya usahaulifu, lakini kigezo kinachowagusa karibu wazee wote wa kijiji hakimtenganishi yeyote. Kitawapandisha wote alama, basi. Tena si kwamba hatuna njia zetu: Hai, Kilimanjaro, kulitengenezwa kipimo cha kumbukumbu kwa watu wasiojua kusoma, na sehemu yake mojawapo ni kupanga njiti za kiberiti.

Wanaopinga alama hizi wana hoja nyingine nzito: ukishajua, utafanya nini? Utafiti wa Marekani wa mwaka 2011 ulionyesha kuwa kuibana sukari kwa ukali hakukulinda kumbukumbu. Na neno la daktari likifika nyumbani, mzee anaweza kunyang'anywa usemi juu ya shamba lake kabla hajasahau lolote.

Hata hivyo, mimi naona faida iko kwenye dawa, wala si kwenye utabiri. Mtu anachoma insulini alfajiri pale Bahi, anasahau, anachoma tena. Saa nne anakutwa kalowa jasho, anaongea visivyoeleweka. Aliye hatarini hivyo alegezewe kiwango cha sukari anachotakiwa kukifikia, sindano zipunguzwe, na kijana wa nyumbani afundishwe kuzisimamia. Presha nayo ifuatiliwe, maana utafiti wa mwaka 2019 ulionyesha kuwa kuidhibiti vizuri hupunguza dalili za awali za usahaulifu. Na anayetumia metformin, vidonge vya kushusha sukari, miaka mingi apimwe vitamini B12: dawa hiyo huweza kuipunguza, na upungufu wake huleta usahaulifu unaotibika.

Alama zenyewe zibaki kwenye faili mpaka zijaribiwe kwa wagonjwa wa hapa. Hospitali ya Benjamin Mkapa na Chuo Kikuu cha Dodoma viko jirani. Kazi hiyo inawezekana bila kusubiri California.