Kizimkazi: tuanze na fundi

Iddi pili nilimpeleka mpwa wangu Kizimkazi Dimbani, kusini mwa Unguja, kuuona msikiti wa kale. Watu wengi wanaifahamu Kizimkazi kwa pomboo. Wakirudi baharini, wakibakiwa na nusu saa, ndipo wanapitishwa pale. Tulikuta kundi la wageni wamevua viatu mlangoni na kijana anayewaongoza anawaeleza: msikiti huu ulijengwa na Waajemi, walikuja na mafundi wao na mawe yakiwa yameshachongwa, kwa sababu zama zile huku hapakuwa na mtu anayejua kujenga.

Mpwa wangu ana miaka 11. Mama yake ni mtu wa Makunduchi. Alinitazama usoni kuona kama nitasema kitu, na mimi, kwa kuogopa kuzua zogo ndani ya nyumba ya Mungu, nikanyamaza. Maneno yale yamenikaa kooni wiki mbili sasa.

Sina ugomvi na Waajemi. Bibi yangu mzaa baba alijiita Mshirazi, yaani mtu wa asili ya Shirazi, mji wa Uajemi, mpaka anaingia kaburini, na hapakuwa na mtu wa kumwambia vingine. Ugomvi wangu ni na ile nusu ya pili ya maneno, kwamba huku hapakuwa na mtu.

Tuanze na jiwe. Ukiukaribia mihirabu wa Kizimkazi, pale anaposimama imamu, unaona maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, yamezunguka ukuta wa kibla, herufi ndefu zilizosimama, nyingine ncha zake zimefunguka kama jani au ua. Yanataja Dhulkaada mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Yamechongwa kwenye tumbawe. Na tumbawe lile laini lina tabia yake: hutolewa baharini likiwa bichi, hukatwa na kuchongwa lingali na maji, kisha likipigwa na hewa na jua linakaza. Ukichelewa, patasi haiingii vizuri tena. Babu yangu mzaa mama alikuwa mwashi, na nilipokuwa mdogo alinionyesha vidole vyake vilivyoliwa na chokaa akasema jiwe la bahari halisubiri. Kazi ya namna hiyo inataka mtu anayeyajua maji, anayejua wapi pa kuzamia na bamvua lini, na wenzake wa kubeba, na wengine wa kupanga magogo na kuchoma chokaa kwa siku kadhaa. Kijiji kizima kimeingia mle ndani.

Halafu kuna Shanga, mji wa kale kisiwani Pate, Kenya. Mwanaakiolojia Mark Horton alichimba pale miaka ya 1980, chini ya magofu ya msikiti wa Ijumaa. Chini ya msikiti wa mawe akakuta mwingine, na chini yake mwingine, mpaka akafika kwenye alama za nguzo za miti: kijumba kidogo cha kusalia, cha mwisho wa karne ya 8. Miaka mia tatu na zaidi kabla ya maandishi ya Kizimkazi, watu wa pwani hii walikuwa wanasali ndani ya nyumba ya miti na udongo, pamoja na majirani zao wanaoishi vilevile. Msikiti ukachakaa, wakajenga juu yake. Watu wakaongezeka, wakaupanua. Mawe yalikuja baadaye, palepale, juu ya sehemu ileile ya kusujudia. Kila nikiliwaza hili nywele zinanisimama. Hapo hapakushuka kitu kizima kutoka kwenye jahazi. Pamekua kitu, kizazi baada ya kizazi.

Haya, nakubali linalopaswa kukubaliwa. Herufi za Kizimkazi zinafanana na za Siraf, bandari ya Uajemi, na aliyezichora alisomea mwandiko ule kwa mtu anayeujua, au alitoka huko mwenyewe. Na mwaka 2023 ulitoka utafiti wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa zamani, wengi wao katika miji ya mwambao, Kenya na Tanzania. Kwa upande wa baba, wengi wao wana asili ya Uajemi. Kwa upande wa mama, karibu wote ni Waafrika, na mchanganyiko huo ulianza kama mwaka 1000. Kumbe bibi yangu hakuota. Lakini someni matokeo yote: hao wageni walioa kwa watu, wakakaribishwa kwenye nyumba zilizokuwapo, na watoto wao wakalelewa kwa lugha ya mama zao. Lugha hiyo ndiyo hii ninayoandikia.

Ile hadithi ya sultani wa Shirazi na wanawe sita na majahazi saba, kila jahazi likatia nanga mji wake, wanaoishikilia kama hati ya shamba wanajua wenyewe wanaitafutia nini. Visiwani jina hilo limebebeshwa siasa za kutosha.

Linaloniuma zaidi ni hili. Maandishi ya Kizimkazi yanamtaja aliyeamuru: Sheikh Abu Imran Musa bin Hasan bin Muhammad. Huyo ndiye tunayemgombania, Mwajemi au si Mwajemi. Aliyechonga hatajwi ukutani. Lakini wenyeji wanaye kwenye simulizi yao. Wanasema palikuwa na mfalme akiitwa Kizi, na mtumwa wake fundi akiitwa Kazi, na msikiti ulipokwisha mfalme akaamuru fundi akatwe mkono asije akajenga mwingine mzuri kama ule. Mwanahistoria hawezi kuichukua kama ushahidi, naelewa. Ila watu waliokaa kando ya msikiti ule walijua kwamba kuna mtu aliyeujenga kwa mikono yake, wakampa jina, wakalisimulia jina hilo kwa watoto wao. Kijana yule anayeongoza wageni pengine aliisikia hadithi hii kwa bibi yake kabla hajasikia habari za Shirazi.

Ndani ya daladala ya kurudi mjini nilimhadithia mpwa wangu habari ya Kazi. Alikaa kimya mpaka tunaipita Jozani, akachungulia viganja vyake, kisha akauliza: "Mjomba, walimkata mkono upi?"

Nikamwambia simulizi haisemi.

"Kama ni wa kushoto," akasema, "labda aliweza kujenga tena."