Kukata na kubandika kulitoka kwa wahariri
Kuna mwandishi anayedai eti mtumiaji hajui anachotaka, kwa hiyo programu za kuhariri zibuniwe na wataalamu peke yao! Sikubaliani naye. Miaka ya 1970 kule Xerox PARC, kituo cha utafiti cha kampuni ya Xerox huko Marekani, Larry Tesler na Tim Mott walipounda Gypsy, programu ya kuhariri maandishi, waliwatazama kwanza wahariri wa vitabu wa kampuni ya uchapishaji ya Ginn, watu wa mkasi na gundi; "kata" na "bandika" za leo zina asili hiyo. Mimi nahariri Kiswahili kutwa. Ofisini tuliletewa programu mpya bila kuulizwa: neno sahihi kama "tulivyowaeleza" linapigiwa mstari mwekundu kana kwamba ni kosa, na kitufe cha kukubali masahihisho kimegusana na cha kuyafuta yote. Nimeshapoteza kazi ya asubuhi nzima, mara mbili. Wahariri wenzangu, kuna aliyewahi kuulizwa kabla?