Seramu ya hayaluroni: unyevu ni kweli, mikunjo ni hadithi nyingine

Kwenye maduka ya vipodozi ya Kariakoo, seramu ya hayaluroni, yaani majimaji ya kupaka usoni yenye asidi ya hayaluroniki, hukaa jirani na vitamini C, na sifa zake ni zilezile: inajaza maji usoni, inafuta mikunjo. La kwanza ni kweli. La pili linawatoa watu pesa bure.

Ukisoma viambato vizuri, mara nyingi utakuta si asidi ya hayaluroniki yenyewe bali chumvi yake, sodiamu hayaluroneti. Karl Meyer na John Palmer waliigundua asidi hiyo mwaka 1934 kwenye jicho la ng'ombe. Baadaye ikawa inakamuliwa kutoka kwenye kilemba cha jogoo, na leo kwa sehemu kubwa huzalishwa na bakteria kwenye matangi ya viwandani. Mtu mzima wa kilo 70 anayo gramu 15 hivi mwilini, karibu nusu yake ikiwa kwenye ngozi. Ndiyo maana ngozi nyingi huipokea bila kelele.

Wanaoitetea wana hoja nzito. Haina mafuta, kwa hiyo mwenye chunusi anayeishi kwenye joto la Dar es Salaam anapata unyevu bila uso kung'aa kama umekaangwa. Tena haichubui. Katika soko ambalo krimu za zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku na bado zinauzwa kwa kificho, mimi naona heri mara mia binti anunue hii kuliko ile inayomharibu ngozi na figo.

Tatizo ni ukubwa wa molekuli. Molekuli ya gliserini ina uzito wa dalton 92 (dalton ni kipimo cha uzito wa molekuli). Ya sodiamu hayaluroneti ya kawaida hufika milioni moja na kupita. Kitu kikubwa hivyo hakipenyi ngozi isiyo na jeraha. Hubaki juu, kikashika maji na kulainisha, na vimistari vidogo vya ukavu vikapungua kwa saa kadhaa. Mikunjo inayojazwa kweli hujazwa kwa sindano ya daktari, kwa jeli ya hayaluroni iliyofungwa kikemikali isivunjike upesi. Marekani iliidhinisha ya kwanza ya aina hiyo mwaka 2003. Matangazo hupenda kuchanganya mambo haya mawili, na hapo ndipo ninapokasirika.

Viwanda vimejibu kwa kuikata molekuli vipande vidogo, au kuibadilisha, kama Shiseido ya Japani na aina yake ya asetili inayoganda vizuri zaidi kwenye ngozi. Vipande vidogo hupenya kidogo zaidi, ni sawa, lakini vidogo mno vinaweza kuuashiria mwili kuifanya ngozi ivimbe na kuwasha. Mwenye ngozi nyepesi kuwasha ajaribu kwanza nyuma ya sikio.

Halafu kuna hewa kavu. Njombe mwezi wa Juni, au ofisini chini ya kiyoyozi, maji yaliyoshikwa juu ya ngozi hugeuka mvuke yakaenda zake. Seramu ipakwe uso ukiwa bado na majimaji, kisha juu yake krimu au vaselini kidogo ya kuziba. Bila kifuniko hicho, hata chupa ya bei mbaya haikusaidii sana. Na asiyeweza kununua vyote viwili, gliserini ya duka la dawa iliyochanganywa na maji, na vaselini juu, itamfanyia sehemu kubwa ya kazi hiyo. Itanata kidogo, basi.

Mwenye uwezo na ngozi ya mafuta anunue seramu, sina ugomvi. Aangalie lebo tu. Hayaluroneti halisi ni unga mweupe, na ikichanganywa na maji kwa asilimia 1 tu tayari huwa nzito inayovutika kama mlenda. Chupa ya majimaji iliyoandikwa "asilimia 100" haiwezi kuwa na hayaluroneti peke yake. Irudishe rafuni.