Mwenye mashua ndogo aende maonesho ya boti? Aende, lakini asiende mikono mitupu

Kila msimu wa maonesho ya boti ukikaribia, sisi wenye mashua ndogo za tanga huulizana swali lilelile: kuna haja ya kufunga safari, kulipa kiingilio na kuzunguka kutwa nzima kati ya maboti ambayo ngazi yake tu ya kupandia ina thamani kuliko mashua zetu? Mimi nasema ipo, kwa sharti moja. Nenda na shida ya mashua yako, tena iwe shida unayoweza kuishika au kuionesha. Kama huna, baki nyumbani, na hela ya nauli na kiingilio itie kwenye tanga.

Mashua yangu ina urefu wa mita tano hivi. Kwa muda mrefu kamba ya kupandishia tanga kubwa ilikuwa ikichanika nyuzi mahali pamoja, na kila nilipoweka mpya, nayo ikaanza kuota nywele palepale. Nikakikata kile kipande kilichochakaa, nikaenda nacho kwenye maonesho, moja kwa moja hadi kwenye banda la kamba. Mzee aliyekuwa pale alikipitisha taratibu kati ya vidole, akaniuliza: tanga likipanda hadi juu, hapa hukaa wapi? Nikamwambia hukaa kwenye kapi la kileleni mwa mlingoti. Akainama chini ya meza, akatoa makapi mawili. La kwanza mfereji wake ulikuwa mwembamba, kingo kali, limetengenezwa kwa ajili ya waya. La pili mfereji ulikuwa mpana wa mviringo, wa kupitisha kamba. “Kamba yako haina kosa, mwanangu,” akasema. “Badilisha kapi kwanza, kamba baadaye.” Hakuniuzia hata futi moja, lakini ile shida iliisha.

Hiyo ndiyo faida ninayoitetea. Dukani muuzaji mara nyingi anajua bei tu. Kwenye intaneti utapata majibu mengi ya watu ambao hawajaiona kamba yako. Kwenye maonesho, mshonaji wa matanga, fundi wa milingoti na mtu wa gundi na rangi wamesimama hatua chache kutoka kwa mwenzake, na wamekuja kuzungumza. Mpe mshonaji picha ya tanga lako likiwa na upepo, iliyopigwa kutoka chini ukiwa ndani ya mashua, naye atakuonesha kwa kidole lilipolegea na kama bado linafaa kurekebishwa. Ukienda siku ya kazi asubuhi, kabla watu hawajajaa, atakusikiliza hadi mwisho.

Jaketi okozi nalo ni la kujaribiwa, si la kuagizwa kwa picha. Livae, funga mkanda wa kupita katikati ya miguu, kisha kaa chini na uinuke kama unayehama upande mashua inapogeuka. Likikubana shingoni au likikupanda hadi masikioni, liache. Waombe wakuoneshe jinsi ya kufungua lile linalojijaza hewa, jinsi ya kukagua mtungi wake wa gesi na jinsi ya kulikunja upya. Wengi huvaa jaketi hizo miaka na miaka bila kujua ndani mna nini, na jambo hilo linanitia hofu kila ninapowaona majini.

Kuhusu bei sina mengi. Punguzo la maonesho mara nyingine ni la kweli na mara nyingine ni bango tu, kwa hiyo andika bei za kawaida kabla hujatoka nyumbani. Siku ya mwisho, jioni, waulize wenye mabanda kama wanauza bidhaa za kuonesha ambazo hawataki kuzibeba kurudi nazo.

Linaloniuma ni nafasi waliyopewa watengenezaji wadogo. Ukumbi hukodishwa kwa mita ya mraba, na anayetengeneza mashua ya mita nne hupata faida ndogo kwa kila moja anayouza. Hawezi kushindana na muuza boti za kifahari, kwa hiyo anasukumwa pembeni au anaacha kabisa kuja. Wakati mashua ndogo ndizo zilizowahi kuyapa maonesho haya habari zake kubwa! Mirror, mashua ya plaiwudi ambayo mtu aliweza kuiunga mwenyewe nyumbani, ilizinduliwa kwenye maonesho ya London mwaka 1963, na zimejengwa zaidi ya 70,000. Laser, mashua ya mbio ya mtu mmoja iliyobuniwa na Bruce Kirby, yenye urefu wa mita 4.23, ilitambulishwa kwenye maonesho ya New York mwaka 1971. Zimejengwa zaidi ya 200,000, na tangu mwaka 1996 imo kwenye Olimpiki. Watu wa kipato cha kawaida waliingia ukumbini, wakaona mashua wanayoweza kuimudu, wakatoka wakiwa mabaharia. Waandaaji wa sasa wanawapa nini watu wa namna hiyo? Wawatengee wadogo eneo la bei nafuu, na waruhusu mashua zilizotumika zioneshwe na wenyewe.

Maonesho nayo hayafanani, na hili lizingatie kabla hujakata tiketi. Ya Annapolis, Marekani, hufanyika Oktoba na ni ya vyombo vya tanga, vingi vikiwa vimefungwa majini. Ya Düsseldorf, Ujerumani, hufanyika Januari ndani ya kumbi, na ni makubwa mno. Ukienda huko bila kupanga utaanza na kumbi gani, miguu itachoka kabla hujafika kwa mshonaji wa matanga. Kwa mwenye mashua ndogo, mimi ningechagua yale ya Uingereza ya mashua ndogo, yaliyofanyika kwa miaka mingi kwenye jengo la Alexandra Palace jijini London kabla ya kuhamia mji wa Farnborough. Huko mabanda mengi yanasimamiwa na vyama vya wamiliki wenyewe. Unakutana na mtu mwenye mashua kama yako, aliyekwisha kung'oa usukani uleule unaokusumbua, na hana cha kukuuzia.

Kama maonesho yaliyo karibu nawe ni ya boti za injini na kampuni za mikopo, usijilazimishe. Tafuta klabu yenye siku ya kuuza vifaa vilivyotumika, nenda mapema, na kile kipande cha kamba usikisahau.