Riwaya Isomwe kwa Sauti, Barazani

Rai yangu ni hii: riwaya zetu tuzitoe kwenye mikoba ya mitihani, tukakae nazo barazani, na mmoja wetu asome kwa sauti wenzake wakisikiliza.

Nasoma Kiswahili chuo kikuu hapa Unguja, ila kwetu ni Wete, Pemba. Tangu skuli, kila riwaya niliyopewa ilikuja na maswali yake: taja dhamira, chambua wahusika, eleza falsafa ya mwandishi. Maswali hayo yana faida na siyakatai. Lakini mwanafunzi anayekariri dhamira zote za kitabu ambacho hakikumchekesha wala kumliza, huyo kitabu bado hajakisoma.

Raha yenyewe nimeipata mjini. Siku isiyo na vipindi napanda gari ya Tunguu, nashuka Darajani, nanunua juisi ya miwa iliyokamuliwa na ndimu na tangawizi, halafu naingia vichochoroni kupitia Mkunazini kutafuta baraza yenye kivuli. Mji Mkongwe unamfaa sana msomaji. Nyumba zimewekewa baraza upande wa nje, mapito membamba yanazuia jua, na ukikaa kitako na kitabu hakuna anayekuuliza unamngoja nani. Atapita mtu akuamkie, atapita muuza kahawa akigonganisha vikombe vyake, nawe utarudi kwenye ukurasa wako.

Na kuna utamu wa aina yake, wa kukisoma kitabu kwenye mitaa ambamo hadithi yake imetokea. Nilipomaliza *Kuli* ya Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1979 na inayosimulia mgomo wa makuli wa 1948, nilikwenda bandarini Malindi nikasimama kuwatazama mahamali wanaopakia mizigo ya boti ya Pemba. Nimepita hapo tangu utotoni, kila nikisafiri, na sikuwahi kuwaangalia hivyo, mabega yao, namna wanavyopokezana gunia, nani anayehesabu na nani anayebeba. *Vuta N'kuvute* ya mwandishi huyohuyo ilinifanyia jambo jengine. Humo Yasmin anatoka katika maisha aliyopangiwa na jamaa zake, anakuja kupata hifadhi kwa Mwajuma, Ng'ambo, mitaa iliyo nje ya Mji Mkongwe. Zama hizo baina ya mji na Ng'ambo ulikuwapo mkono wa bahari, ambao baadaye ulijazwa udongo na sasa ni barabara na viwanja. Kila nikivuka pale kuelekea Michenzani namkumbuka Yasmin, na najua kwamba ninachokivuka si lami peke yake.

Sasa niseme linaloniuma. UNESCO iliuingiza Mji Mkongwe katika urithi wa dunia mwaka 2000, na sehemu ya Beit el Ajaib, jumba kongwe la mji huo, ilipoporomoka Disemba 2020 sote tulishtuka, wengine walilia. Tulikuwa na haki ya kulia. Ila riwaya ya Kizanzibari ikiadimika madukani, hakuna anayeshtuka. Nimezunguka kutafuta vitabu hivi hapa mjini, nikakuta vya kiada, nikakuta vya dini, nikakuta vile vikubwa vya picha wanavyonunua wageni. Abdulrazak Gurnah, mtoto wa mji huu, alipata Nobeli mwaka 2021. *Paradise* yake ya mwaka 1994 imefasiriwa kwa Kiswahili na Ida Hadjivayanis kwa jina la *Peponi*, ikatoka mwaka 2022. Nakala yangu niliagizia Dar es Salaam. Kwa nini iwe hivyo, na hadithi ni yetu?

Hapo ndipo kusoma kwa sauti kunapokuwa na maana zaidi ya raha. Nakala moja inatosha baraza nzima. Nimeliona hili kwa macho yangu kwetu Wete, wakati wa likizo. Bibi yangu anasuka ukili uani kila baada ya laasiri, na mimi nikamkalia karibu nikimsomea *Kuli*. Siku ya kwanza alisikiliza kimya. Tulipofika kwenye mgomo akasimamisha mkono: "Ngoja kwanza, mjukuu wangu. Na wake zao siku hizo walipika nini?" Swali hilo sijaulizwa na mwalimu yeyote, na tangu hapo siwezi kukifikiri kitabu kile bila ya hilo. Majirani wakaanza kuja na ukili wao. Mmoja alikuwa hajui kusoma kabisa, na ndiye aliyekuwa akikumbuka vizuri zaidi tulipoishia jana.

Watu wetu wana masikio mazuri. Tumelelewa na tenzi, Maulidi, ngano za bibi na redio, kwa hiyo kumsikiliza mtu anayesoma hakutupi tabu. Kinachokosekana ni msomaji wa kujitolea na mtu wa kumpisha nafasi akae.

Najua watakaosema barazani pana mpira, siasa, bao na dhumna, riwaya itasikilizwa na nani? Nawajibu kwamba watu wanaoweza kubishana usiku kucha juu ya penalti wataweza kubishana juu ya mgomo wa bandarini. Wengine, na hawa nawaheshimu zaidi, wanahofu kwamba riwaya zina mambo ya mapenzi yasiyofaa kusomwa mbele ya wakubwa. Kweli yamo. Msomaji mwenye adabu anajua sura ya kusoma mbele ya nani, kama vile msimuliaji yeyote alivyojua. Wakati nao si tatizo: baina ya laasiri na magharibi upo, na Ramadhani, watu wakishatoka tarawehe, baraza zote zimejaa.

Kwa anayetaka kuanza, mimi ningemshauri aanze na Mohammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, na *Mzimu wa Watu wa Kale* iliyochapishwa mwaka 1960. Ina mauaji, ina mpelelezi Bwana Msa na kiko chake, na kila sura inaacha kitu cha kubishania. Sisi wachache wa dakhalia, bweni la chuo, tunaisoma Alhamisi, laasiri, kwenye baraza ya mzee mmoja aliyetukaribisha. Muuza kahawa wa mtaa huo siku hizi anatua dele lake na kukaa mpaka tumalize. Anashikilia kwamba keshamjua muuaji, na ameshatutaka tuongeze siku ya Jumatatu.