Likizo ya Agosti Waachieni Watoto

Ujumbe uliingia kwenye kundi la wazazi usiku, shule zikiwa zimefungwa juzi tu: masomo ya ziada ya gredi ya sita yanaanza Jumatatu, saa moja asubuhi hadi saa tisa alasiri, pesa zitumwe kwa simu kabla ya Ijumaa, mtoto aje na sare. Hata sijamaliza kuusoma, majibu yameshaanza kumiminika. "Asante mwalimu." "Barikiwa sana mwalimu." "Nimetuma, angalia." Hakuna aliyeuliza lolote.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya Kenya ya mwaka 2013, kifungu cha 37, imekataza masomo ya likizo. Haikushauri wala kubembeleza, imekataza, na anayeivunja anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 100,000, au kufungwa hadi mwaka mmoja, au yote mawili. Haya si mageni kwa mzazi yeyote wa Malindi mwenye redio au simu. Hasira yangu hata haiko kwa mwalimu, maana mwalimu ana kodi ya kulipa na watoto wake mwenyewe nyumbani. Iko kwetu sisi wazazi, tunaolipia sheria ivunjwe kisha tukashukuru.

Binti yangu hatakwenda. Sababu nitaieleza kwa urefu, maana ndiyo niliyonayo kubwa.

Sisi tunakaa nje ya mji, upande wa Ganda, mahali ambapo mtu bado anaweza kuwa na kiwanja chenye nafasi ya mpapai, mwarobaini, mistari miwili mitatu ya mboga na mbwa. Udongo ni wa mchanga, ukiumwagia maji yanazama kama hayakuwahi kuwapo. Agosti ndiyo nafasi nzuri ya kuufanyia kazi: masika yamepita, jua halijawa kali, na kusi linapoza jioni, ingawa kusi hilohilo hukausha miche usipoizibia kwa makuti. Na mchicha, ukitunzwa, huwa tayari kuchumwa baada ya wiki tatu hadi nne. Hebu lifikirieni hilo. Likizo hii fupi inamtosha mtoto kushika mbegu mkononi na, kabla ya kurudi shuleni au karibu na hapo, kuila mboga yake na ugali. Sijui somo jingine linaloanza na kuisha vizuri hivyo machoni pa mtoto.

Mbegu za mchicha ni ndogo mno, nyeusi, zinang'aa. Ukizimwaga hivihivi zinarundikana mahali pamoja, kwa hiyo huchanganywa na mchanga mkavu kwanza ndipo zikatawanyika. Binti yangu alifanya hivyo mwenyewe, akapitisha kidole kuchora mifereji, akafukia kidogo tu, akanyunyiza maji kwa kopo lililotobolewa matundu. Siku chache baadaye tuta likaota upande mmoja, upande wa pili ukabaki mtupu. Akaniita.

"Baba, mbona huku hakuna kitu?"

"Umeangalia vizuri?"

Akachuchumaa. Alikaa pale muda mrefu, kidevu kwenye magoti. Kisha akanionyesha: sisimizi, mstari mwembamba, wametoka kwenye tuta wanaelekea shina la mwarobaini, na baadhi yao wamebeba punje nyeusi. Aliufuata mstari mpaka kwenye tundu. Alikaa tena. Mwishowe akasema, "Wamevuna kabla yetu." Akaenda jikoni kwa mamake kuomba jivu, akalizungusha kwenye tuta, akapanda upya upande ule.

Sasa nawauliza wazazi wenzangu: mtoto huyu alikuwa anacheza? Ameona tatizo, akatafuta chanzo, akakipata kwa macho yake, akajaribu dawa, na bado kila asubuhi anakwenda kuangalia kama dawa imefanya kazi. Mtaala huu mpya tuliambiwa unataka umilisi, mtoto aweze kutenda badala ya kukariri. Gredi ya sita wana somo la kilimo. Na sisi tunataka mtoto atolewe kwenye udongo, afungiwe darasani likizo nzima, asomewe kutoka kitabuni kwamba mbolea mbichi huunguza miche! Binti yangu anajua kwamba mbolea mbichi huunguza. Alitia mkono kwenye rundo la samadi ya mbuzi, akaukuta moto ndani, akautoa mbio, akauliza moto huo unatoka wapi. Tulikaa chini tukazungumza juu ya vijidudu vinavyoozesha mavi na majani. Ni swali lake mwenyewe, na jibu lake hatalisahau.

Mdogo wake, aliye gredi ya tatu, yeye bustani haimvuti. Yeye ni wa Simba. Simba ni mbwa wa kienyeji, rangi ya udongo, sikio moja limechanika. Kila jioni kijana humlaza chini ya mpapai, akamgeuza masikio na kumpanua vidole, akitafuta kupe. Amejifunza kumshika kupe karibu kabisa na ngozi na kumvuta taratibu, maana ukimvuta kwa pupa kichwa kinabaki. Amegundua mwenyewe kwamba wakubwa wa kijivu ni wale waliokwisha kushiba damu, na wale wembamba wa kahawia bado hawajala. Wote huishia kwenye kopo lenye mafuta ya taa. Anajua pia kwamba Simba akiwa anakula haguswi, na kwamba mbwa yeyote akimng'ata, hata akimkwaruza kidogo, asifiche: aoshe kidonda papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo. Simba huchanjwa kila mwaka, lakini mbwa wanaozurura mitaani hakuna anayejua habari zao, na kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa mtu hakina tiba. Watoto wengi mtaani kwetu hawajaambiwa hili na yeyote.

Kuna jambo jingine la Simba nitalisema. Jirani yetu ni mzee wa Kiislamu, wa madhehebu ya Shafii kama Waislamu wengi wa pwani, na kwake mate ya mbwa ni najisi ambayo huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Watoto walimwona akivuka barabara kila anapokaribia lango letu, wakaniuliza kama mzee anamchukia Simba. Nikawaeleza kwamba mtu aliyetawadha akiguswa na mbwa mwenye mate huenda akalazimika kurudi nyumbani kusafisha nguo. Tangu siku ile, kabla ya magharibi, kijana humfunga Simba nyuma ya nyumba bila kutumwa. Juzi mzee alisimama langoni, watoto wakamwamkia shikamoo, akawauliza habari za mchicha. Nilikuwa kwenye veranda nikawasikia, na nilifurahi sana.

Mtaniambia kuna mtihani. Sawa, upo. Najua KPSEA, mtihani wa kitaifa wa gredi ya sita, huhesabiwa asilimia 20 mtoto anapopangiwa sekondari pevu baada ya gredi ya tisa, na sitasema haina maana. Lakini hakuna mtoto anayenyimwa gredi ya saba kwa sababu ya mtihani huo. Kama hesabu za sehemu zinamshinda, jioni tunakaa naye mezani tukazifanya, na zinaingia vizuri zaidi akiwa amepumzika.

Hoja yenye uzito ni moja tu, nayo naikubali kwa shingo upande kwa sababu inaniuma. Agosti ndipo Waitaliano wanapojaa, na nusu ya mji huu huishi kwa hoteli. Mama anaondoka alfajiri kutandika vitanda vya wageni, baba yuko jikoni au langoni mpaka usiku. Nani atakaa na mtoto? Kwa mzazi huyo darasa ni mahali salama. Siwezi kumlaumu. Ila basi tuseme ukweli kwamba tunatafuta mahali pa kuwaweka watoto, tukae pamoja tupange mahali hapo, pawe na mpira, kivuli na mtu mzima wa kuaminika, badala ya kuwapa ubao tena kisha tukauita msaada. Gede, mji wa kale wa Waswahili uliobaki magofu, iko kilomita kama 15 kutoka hapa, na wapo watoto wa Malindi wanaomaliza gredi ya sita hawajawahi kuyakanyaga magofu yale. Nauli ya matatu ni ndogo kuliko pesa zilizotakiwa kwenye ule ujumbe.

Na kina baba, sisi tulio na siku hata mbili za mapumziko kwa wiki, tuwe nyumbani siku hizo, jembe mkononi, na simu mfukoni.

Nimeshajibu kwenye kundi: mtoto wangu hatakuja, na nimeambatanisha kifungu cha 37. Wazazi wawili wameniandikia pembeni kwamba wanakubaliana nami ila wanaogopa mtoto atachukiwa darasani. Woga huo nauelewa, na ndio sababu mkutano wa kwanza wa muhula wa tatu nitasimama nikisome kifungu hicho hadharani, mwalimu mkuu akiwapo. Hao wawili nimewaomba wakae karibu nami.