Bei Mbili kwa Bidhaa Moja: Kadi za Uaminifu za Supamaketi za Uingereza na Swali Ambalo Halijajibiwa

Tarehe 27 Novemba 2024, Mamlaka ya Ushindani na Masoko ya Uingereza, CMA, ilitoa matokeo ya uchunguzi wake kuhusu bei za wanachama katika supamaketi. Ilikuwa imepitia bidhaa zipatazo 50,000 zilizouzwa kwa bei nafuu kwa wenye kadi za uaminifu, yaani wateja waliojiandikisha na duka, katika maduka ya Tesco, Sainsbury's, Waitrose, Co-op na Morrisons, na ikabaini kwamba asilimia 92 ya bidhaa hizo zilikuwa na punguzo la kweli zilipolinganishwa na bei zake za kawaida. Tangu hapo, kila anayelalamikia utaratibu huu hujibiwa kwa takwimu hiyo, kana kwamba mjadala umefungwa. Mimi naona haujafungwa, kwa sababu malalamiko ya wanunuzi yalikuwa mawili, na takwimu hiyo inajibu moja tu.

La kwanza lilikuwa shaka ya udanganyifu: kwamba duka hupandisha bei ya kawaida makusudi ili punguzo la mwanachama lionekane kubwa. Hilo limepimwa, na kwa sehemu kubwa halikuthibitika. La pili ni kwamba mtu asiye na kadi, au asiyependa kutambuliwa kila anaponunua chakula, sasa hulipa zaidi kwa bidhaa ileile, kwenye rafu ileile, saa ileile. Hili la pili halihitaji udanganyifu wowote ili liwe tatizo. Kadiri punguzo linavyokuwa la kweli, ndivyo na pengo kati ya mnunuzi mmoja na mwenzake linavyokuwa la kweli.

Mambo hayakuanza hivi. Tesco ilipozindua Clubcard nchi nzima mwezi Februari 1995, baada ya kuijaribu katika maduka machache, mteja alikusanya pointi kila aliponunua, na kila baada ya miezi mitatu akaletewa vocha kwa posta, yenye thamani ya takriban asilimia 1 ya matumizi yake. Uongozi wa Sainsbury's uliibeza kadi hiyo na kuifananisha na stempu za Green Shield, zile ambazo wanunuzi wa miaka ya nyuma walizibandika kwenye vitabu na kuzibadilisha kwa zawadi, na ambazo Tesco yenyewe iliachana nazo mwaka 1977. Dharau hiyo haikudumu. Mwaka huohuo wa 1995 Tesco iliipita Sainsbury's na kuwa muuzaji mkubwa wa vyakula nchini, na mwaka uliofuata Sainsbury's nayo ikatoa kadi yake.

Nguvu ya kadi haikuwa katika ile asilimia 1. Clive Humby na Edwina Dunn, wanandoa walioanzisha kampuni ya uchambuzi ya dunnhumby, ndio walioionyesha bodi ya Tesco kile ambacho rekodi za manunuzi zinaweza kufichua. Mwenyekiti wa wakati huo, Ian MacLaurin, aliwaambia kwamba kinachomtisha ni jinsi walivyowajua wateja wake zaidi ndani ya miezi mitatu kuliko yeye alivyowajua kwa miaka 30. Kuanzia hapo duka lingeweza kupanga bidhaa za kila tawi kwa kufuata watu wanaofika pale, na kumtumia mteja vocha ya kitu anachonunua kweli. Baadaye maarifa hayo yakawa biashara yenyewe, yakiuzwa kwa wazalishaji wanaotaka kujua nani ananunua sabuni yao na nani ameihama. Tesco ikainunua dunnhumby hatua kwa hatua mpaka ikawa yake yote.

Naomba haki itendeke kwa upande wa maduka hapa. Ujuzi huo una faida ambazo hata mteja huziona: bidhaa haziishi ovyo kwenye rafu, na ofa nyingi hugharimiwa kwa sehemu na wazalishaji wenyewe, ambao wako tayari kulipa zaidi wanapojua fedha zao zinawafikia wanunuzi gani. Na katika miaka yote ya pointi, bei ya kwenye rafu ilikuwa moja. Mwenye kadi na asiye na kadi walilipa sawa kaunta. Shukrani ya duka ilikuja baadaye. Aliyekataa kadi alipoteza asilimia 1, na kwa watu wengi hiyo ilikuwa gharama ndogo ya kuachwa na mambo yao.

Mageuzi yalikuja Septemba 2019, Tesco ilipoanzisha Clubcard Prices, na Sainsbury's ikafuata na Nectar Prices, kwa jina la kadi yake ya sasa, Nectar, mwezi Aprili 2023. Zawadi iliacha kusubiri miezi mitatu, ikahamia kwenye lebo ya bei. Itazame lebo ya Tesco kwa karibu. Tarakimu ya mwanachama ni kubwa, juu ya rangi ya njano inayoonekana tangu mwanzo wa ujia. Bei ya wengine wote imeandikwa ndogo pembeni. Kaunta, jumla hupanda mpaka bidhaa ya mwisho, kisha kadi inapopitishwa kwenye mashine, mistari ya makato huteremka kwenye skrini mmoja baada ya mwingine. Aliyesahau kadi huiona mistari hiyo kwenye skrini ya mwenzake aliyemtangulia.

Lebo hiyo ina nguvu kiasi kwamba imefikishwa mahakamani. Mwezi Machi 2024 Mahakama ya Rufaa iliunga mkono hukumu iliyoipa Lidl, supamaketi ya bei nafuu, ushindi dhidi ya Tesco, kwa kuwa duara la njano juu ya mraba wa buluu kwenye lebo za Tesco, linalofanana na nembo ya Lidl, liliwafanya wanunuzi wengi wadhani kwamba bei za Clubcard zimelinganishwa na za Lidl. Shirika la kutetea walaji, Which?, lilikuwa limelalamika mwaka 2023 kwamba lebo za Clubcard hazionyeshi bei kwa kipimo, kama vile kwa kila gramu 100, ambayo ndiyo humwezesha mtu kulinganisha pakiti kubwa na ndogo. Tesco baadaye ilikubali kuiweka.

Sasa turudi kwenye asilimia 92, maana ndiyo inayotajwa na kila mtu. Kipimo cha CMA kililinganisha bei ya mwanachama na bei ya kawaida ya bidhaa hiyohiyo. Lakini bei ya kawaida hupangwa na duka lilelile lililoamua kuwa na bei mbili. Uchunguzi unaweza kuthibitisha kwamba bei hiyo ilitozwa kweli. Hauwezi kutuambia bei ingekuwa ngapi kama kadi isingekuwapo. Tuseme bidhaa inauzwa pauni 3 kwa wote na pauni 2.40 kwa mwanachama. Kama bila mpango wa kadi duka lingeiuza pauni 2.70 kwa kila mtu, basi mwanachama amepata nafuu ya kweli, na asiye mwanachama anatozwa peni 30 za ziada, na bidhaa hiyo itahesabiwa bila tatizo ndani ya zile asilimia 92. Sidai kwamba ndivyo maduka yanavyofanya kwa kila bidhaa. Ninachosema ni kwamba takwimu hii haiwezi kutumika kuthibitisha kwamba hayafanyi hivyo, na wanaoitumia kunyamazisha malalamiko wanaibebesha mzigo ambao haikuundwa kuubeba.

Kuna takwimu nyingine katika matokeo hayo ambayo haikuzungumzwa vya kutosha. CMA ilikadiria kwamba anayenunua bidhaa zenye bei ya wanachama huokoa wastani wa kati ya asilimia 17 na 25. Hesabu hiyo imeandikwa kutoka upande wa mwenye kadi. Igeuze: punguzo la asilimia 17 lina maana kwamba asiye na kadi analipa takriban asilimia 20 zaidi ya mwenzake, na punguzo la asilimia 25 lina maana kwamba analipa theluthi moja zaidi. Kwa bidhaa hizi, gharama ya kukataa kadi imetoka kwenye asilimia 1 ya mwaka 1995 hadi kati ya moja ya tano na theluthi. Hapo ndipo kadi ilipobadilika asili yake, ingawa jina lake limebaki lilelile.

Watetezi wa mipango hii wana jibu ambalo si la kupuuzwa: kujiunga ni bure, kunachukua dakika chache, na asiyetaka anaweza kwenda Aldi, ambayo haina kadi. CMA yenyewe ilikumbusha kwamba bei ya mwanachama si lazima iwe nafuu kuliko zote, na kwamba kuzunguka madukani bado kunalipa. Yote ni kweli. Lakini kuzunguka madukani kunamtaka mtu awe na muda na nauli, na duka jingine liwe karibu. Na neno "bure" linahitaji kutazamwa upya pale ambapo anachotoa mteja, yaani rekodi ya kila anachokula na kila anachowanunulia watoto wake, ndicho kinachouzwa kwa watangazaji kupitia vitengo kama Nectar360 cha Sainsbury's. Ridhaa ni ridhaa pale mtu anapoweza kukataa. Mwezi Machi 2023, mfumuko wa bei za vyakula nchini Uingereza ulipita asilimia 19. Familia iliyokuwa ikihesabu peni katika mwezi huo haikuwa na nafasi ya kukataa, na ndiyo familia ambayo hatuna haki ya kusema kwamba imeridhia tu kwa kuwa imejiunga.

Wako pia ambao hata wangetaka wasingeweza kwa urahisi: vijana wa chini ya miaka 18 walioachwa nje na masharti ya umri katika baadhi ya mipango, wazee wasiotumia simujanja, wageni. CMA iliyahimiza maduka yawarahisishie njia, na hilo ni jema, ila linatibu tatizo la mlango bila kugusa la kwa nini kuna mlango.

Wakati huohuo, zile pointi za zamani zimepungua thamani. Mwaka 2015 Nectar ilipunguza pointi za Sainsbury's kutoka mbili hadi moja kwa kila pauni, na Juni 2023 Tesco ilishusha thamani ya vocha za Clubcard zinapotumika kwa kampuni washirika wake, kutoka mara tatu ya kiasi kilichoandikwa hadi mara mbili. Shukrani imepungua na tofauti ya bei kwenye rafu imekua.

Sipendekezi kadi zifutwe. Duka linaweza kutoa kadi isiyo na jina, inayochukuliwa kaunta na kutumika papo hapo, na likarudisha pointi kuwa zawadi kwa anayechagua kujitambulisha. Na uchunguzi ujao upime kapu la asiye na kadi: alilipa kiasi gani kwa bidhaa zilezile kabla ya Septemba 2019, analipa kiasi gani sasa, na ongezeko hilo likoje likilinganishwa na lile la Aldi katika kipindi hichohicho. Supamaketi hizo zina rekodi za bei zake za kila siku, na CMA ina uwezo wa kuzidai.